Wanafunzi wa Madunguni

Daftari la Mwalimu Mwantum lilikuwa na majina arobaini na moja, lakini darasani walikaa watoto kumi na sita. Kila mwaka huko Mbuchi mambo huwa hivyo mpunga ukianza kutoa masuke. Familia huhamia mashambani, zikaishi kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, na watoto hushinda wakifukuza ndege.

Shule yenyewe ilikuwa shikizi, tawi dogo la shule kubwa, chumba kimoja cha miti na makuti. Wa miaka sita walibanana na wa miaka kumi na miwili waliochelewa kuanza. Shule mama ilikuwa ng'ambo ya mto, na mtoto wa Mwantum mwenyewe aliacha masomo kwa kuogopa kuvuka. Ndipo mama akaanza kujitolea kufundisha. Huu ulikuwa mwaka wa sita.

Jumatatu hiyo alifika Bwana Idrisa, afisa elimu kutoka Kibiti, na fomu ya kujaza idadi ya wavulana na wasichana na umri wao. Wakipungua thelathini na tano, shule ingefungwa.

"Andika wote wapo," Mzee Mwinyimvua, mwenyekiti wa kitongoji, alimnong'oneza Mwantum. "Nani atajua?"

Mwantum akamgeukia mgeni. "Bwana Idrisa, hapa wapo kumi na sita. Waliobaki twende ukawaone."

Idrisa akavua viatu, akakunja suruali. Wakapita dungu hadi dungu, matope magotini. Mwantum aliita jina, mtoto akateremka, Idrisa akatia alama. Kufikia alasiri walitimia arobaini. Alikosekana Sihaba, wa miaka kumi na miwili.

"Yuko Bungu," mama yake alisema, macho chini. "Analea mtoto wa shangazi yake."

"Tangu lini?"

"Tangu Mfungo Mosi, mwalimu."

Miezi miwili Mwantum alikuwa akimhesabu Sihaba kuwa yuko shambani, wala hakuuliza.

Idrisa akaandika arobaini, na chini yake akapendekeza masomo yafuate watoto mashambani hadi mavuno. Shule haikufungwa.

Jumamosi Mwantum alikwenda Bungu. Shangazi alimkaribisha chai, akamsikiliza, akakataa. Juma la pili akakataa tena. Mara ya tatu shangazi hakukataa, na Sihaba mwenyewe alitoka na mfuko wake wa nguo.

"Shikamoo, mwalimu. Wenzangu wamefika wapi?"

"Kugawanya," alisema Mwantum. "Twende, nitakueleza njiani."