Gari la Wagonjwa Lililokuja Kuondoa Matanga

Mimi nimewahi kuona gari la wagonjwa likitembea kwa miguu ya watu.

Cheka tu. Na mimi ningecheka kama ningesimuliwa.

Ilikuwa Malawi, upande wa Dedza, kijiji kimoja cha Wachewa chini ya mlima. Nimezurura sana duniani, shule nimeionja darasa hapa darasa pale, ila kuziba sufuria hakuhitaji cheti. Pale nilikaa miaka, uani kwa mama mmoja mjane, Falesi. Mdomo kama wembe.

"Wewe mtu wa kaskazini," aliniambia siku ya kwanza, "kodi yangu ni sufuria zisizovuja. Ikivuja moja, unahama."

Alikuwa na mabinti wawili, Enifa na mdogo wake Dailesi.

Enifa alikufa kwa uchungu wa uzazi.

Si kwamba zahanati haikuwa na gari. Lilikuwepo, jeupe, la serikali. Shida ni kwamba diwani wetu, Wyson Mkwezalamba, alilifanya lake. Alikuwa analijaza makaa ya miti iliyokatwa mlimani bila kibali na kuyapeleka Lilongwe kuuza. Askari gani wa kizuizi cha barabarani atasimamisha gari la wagonjwa? Linapiga king'ora, linapita.

Nyumba ya diwani ikapata bati jipya, kisha ghorofa, kisha ukuta. Mlima ukabaki kipara.

Siku ya Enifa tulituma mtu kwa diwani. Akarudi peke yake. Tukamfunga Enifa kwenye baiskeli yangu kwa kanga, tukasukuma. Hakuiona lami.

Msibani diwani alileta gunia la unga, akaapa mbele ya watu wote.

"Hakuna mtu aliyenifikia. Ningejua, ningembeba mgongoni mwenyewe."

Falesi akasogea mbele. Alimvuta Dailesi kwa mkono, tumbo ndiyo kwanza limeanza kuchomoza.

"Na huyu je, mheshimiwa?"

"Nitalifanyia kazi, mama."

Unajua maana yake.

Miezi ikapita. Gari likaendelea na makaa, tumbo likaendelea kukua. Falesi alikuwa akilitazama tumbo lile kama mtu anayetazama moto kwenye paa la jirani.

Siku ya kuondoa matanga, ambayo kule huja baada ya miezi, pombe ikapikwa, nyau wakaitwa.

Nyau ndiyo ngoma kubwa ya Wachewa. Kinachocheza pale si mtu. Ni marehemu amerudi, au mnyama wa porini. Ukithubutu kusema "aa, yule ni fulani kavaa kinyago", umewatukana wafu wote. Utatozwa mbuzi na kijiji utahama. Diwani mwenyewe aliingizwa nyau ujanani, alikuwa anajua vizuri.

Jua kali, mchana kweupe. Wakapita wa manyoya, wakatimua vumbi, akina mama wakapiga makofi na kuimba. Diwani kakaa mbele kwenye kiti, anacheka.

Kisha ngoma zikanyamaza.

Kutoka njia ya makaburini likaja gari. Limesukwa kwa matete, limevishwa magunia meupe ya unga, msalaba mwekundu ubavuni. Chini yake miguu. Halikucheza. Lilikuja polepole, kama linakwepa mashimo.

Jirani yangu Bisiwiki akaninong'oneza, "Usiangalie miguu, kaka. Angalia kwingine."

Likaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha diwani. Likageuka. Mlango wa nyuma ukafunguka.

Ndani giza. Na sauti ya mwanamke anaguna, ule mguno wa uchungu ambao ukishausikia mara moja huusahau.

Diwani akatabasamu, akatupa noti. Gari halikuondoka. Akatupa nyingine. Mguno uleule.

Nikamwona anatafuta macho ya wapambe wake, wale wanaokula kwake. Neno moja tu lingemwokoa, kwamba haya ni matete na magunia. Nani aliseme? Kila mmoja aliangalia vidole vyake vya miguu.

Jasho likamshuka. Akainama kuelekea ule mlango, akasema taratibu:

"Enifa, mtu wako alinikuta napakia. Nilidhani ni uchungu wa mwanzo tu. Nilidhani utasubiri."

Basi. Mlango ukafungwa, gari likarudi lilikotoka.

Chifu wetu alikuwa mwanamke, mkavu, haongei sana. Akasema, "Umemjibu marehemu, Wyson. Wote tumesikia. Lete funguo."

Akazitoa mfukoni. Kumbe alikuwa anatembea nazo.

Tangu siku ile gari likalala zahanati.

Dailesi alishikwa na uchungu asubuhi moja, watu wako shambani. Gari likaja hadi mlangoni. Nikasema moyoni, shida imekwisha.

Akaweka mguu mmoja ndani. Akaurudisha.

"Siingii."

"Unachezea roho yako?" mama yake akamwuliza.

"Mama, kuna mtu amelala humo."

Dereva akachungulia. Na mimi nikachungulia. Kitanda kitupu.

"Hakuna mtu, dada," dereva akasema. "Panda tuondoke."

"Yupo. Ni dada. Amejaza nafasi yote."

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku ya ngoma. Maji yalikuwa yameshamtoka, yanatiririka hadi kwenye kandambili, na binti ameng'ang'ania mlango kwa nje.

Falesi hakubishana naye. Alipanda, akapiga magoti kando ya kile kitanda, akasema kama unavyosema na mtoto aliyepitiwa na usingizi:

"Enifa, sogea, mwanangu. Mpishe mdogo wako."

Akangoja kidogo.

"Haya, amesogea. Panda."

Dailesi akapanda. Akalala ubavu, ukingoni kabisa, nusu ya kitanda akaiacha wazi. Wakaondoka hivyo.

Mtoto wa kike alizaliwa hospitali, mzima, na mama mzima.

Mnauliza habari za diwani? Uchaguzi uliofuata alishinda. Aligawa unga.

Wapita njia husema kijiji kile ni maskini kwa sababu mlima wake hauna rutuba. Waongo. Umaskini ule niliuona kwa macho yangu ukipakiwa, ukifungwa kamba, ukipigiwa king'ora.

Ndugu yangu, mali ya umma ikipita mbele yako imebebeshwa mzigo wa mtu, usinyamaze ukasema si yako. Siku utakayoihitaji, utamkuta wa kwenu ametangulia kulala humo.