Mwaridi Ulioanza Kupanda Ukuta

Mke wangu aliupanda ule mwaridi nyuma ya jikoni, katika nyumba yetu ya Kitale, mwaka ambao maua ya altare ya Pasaka yalizidi ndoo za kuyatia. Alipokwenda kufagia kanisa baada ya sikukuu, alichagua mashina yaliyokuwa bado mabichi, akaja kuyachomeka karibu na mahali alipozoea kumwaga maji ya kuoshea vyombo. Mengi yalikauka. Moja lilishika. Ua lake lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na mti wenyewe haukupita kiuno cha mtu mzima. Kila Januari, kabla hatujaanza kutayarisha shamba la mahindi, aliupogoa ukabaki vijiti tu, na kila mvua iliporudi nao ulirudi vilevile, mfupi, wenye adabu.

Yeye alizikwa Bungoma. Ndivyo tunavyofanya sisi. Mtu anaweza kulima Trans-Nzoia na kulea watoto huko mpaka uzeeni, lakini mwisho anapelekwa nyumbani. Boma la wazazi wangu liko upande wa Malakisi, na hapo ndipo alipo. Baada ya matanga wanangu walitaka niende nikakae nao mijini. Niliwashukuru, nikarudi Kitale, kwa sababu mahindi yalikuwa shambani na kwa sababu sikujua namna ya kuishi mahali ambapo yeye hakuwahi kuishi.

Nimekuwa katekista karibu maisha yangu yote. Nimewafundisha wengi kwamba anayesali hayuko peke yake, na ninaliamini hilo hadi leo. Lakini rozari tulikuwa tukiisali wawili. Mmoja huanza Salamu Maria, mwingine huipokea katikati. Jioni ya kwanza baada ya kurudi nilianza, nikafika katikati, nikanyamaza kama nilivyozoea. Kisha nikamalizia mwenyewe. Tangu hapo nasali pande zote mbili, na kuna siku sauti hubadilika kidogo upande wake, bila mimi kukusudia.

Ilikuwa mvua ya pili baada ya maziko nilipoona tawi moja la mwaridi likienda juu, limenyooka, bila hata tumba moja. Nilidhani ni maotea ya mizizi, yale yanayonyonya mti bure, nikaenda na makasi. Nilipoinama nikaona kwamba halitoki ardhini. Lilitoka kwenye shina lilelile alilokuwa akilipogoa yeye. Nikaliacha. Likafika dirishani, likapita dirisha, likagusa gata ya paa. Mwaka uliofuata lilitoa maua, yaleyale ya rangi ya chai ya maziwa, ila sasa yalining'inia kutoka juu yakinitazama nikiosha kikombe changu.

Kuna mzee mmoja Kalasinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Tulijuana nilipokuwa nikinunua saruji ya kanisa, na nyuma ya duka lake ana miwaridi mingi anayoitunza kuliko anavyotunza duka. Nilimwambia habari ya tawi langu, akaja kuliona.

"Katekista, hii umetoa wapi?"

"Haijatoka popote. Ni ule wa mama watoto."

"Ule mfupi? Wacha mchezo."

Nikamwonyesha. Alipiga magoti kwenye tope, na kilemba chake kisafi, akalifuata tawi kwa kidole mpaka lilipoanzia.

"Hii ni mpya, bana," akasema. "Mti umegeuka tawi moja. Inatokea, nimeambiwa, lakini kwangu haijawahi. Mimi naweka mbolea, nabembeleza, hakuna kitu. Wewe unamwagia maji ya sufuria, unapewa."

"Labda huombi vizuri."

"Naomba Mungu huyo huyo. Labda wewe unampigia kelele zaidi."

Kabla ya kuondoka alinifundisha. Nikitaka mti mwingine unaopanda, nichukue kipande kwenye lile tawi refu peke yake, kwa sababu matawi ya chini yatanipa mti mfupi. "Na ikiwa bado changa usiikate kichwa," alisema. "Ukiikata kama vile watu wanakata waridi zingine, inasahau kupanda. Inarudi fupi."

Nilikata vipande kadhaa, nikavichomeka kwenye mchanga ndani ya mtungi wa plastiki uliokatwa nusu, nikavifunika kwa karatasi ya nailoni, nikaviweka kivulini. Kimoja tu kilitoa majani. Nacho kilikuwa bado kidogo mvua ya mawe ilipoipiga Kitale, ikaing'oa gata na kulivunja tawi refu kwenye shina. Sehemu ya chini ya mwaridi haikuumia. Kilichokuwa kipya kilikwisha, isipokuwa kile kilichokuwa kwenye mtungi.

Nilijua mara moja ninakotaka kukipeleka. Kila nilipokwenda Bungoma niliona saruji, msalaba na nyasi zilizofyekwa. Yote yaliyokuwa pale yalikuwa ya siku ile ya kumzika. Mwaridi huu ulitokea baadaye, kwenye mti wa mkono wake lakini yeye hayupo, na nilitaka umfikie. Nilitaka upande pale alipo, mrefu, nikifika barabarani niuone.

Lori la yule mzee wa duka lilikuwa linapeleka mabati Chwele, nikapewa nafasi mbele na mti wangu mapajani.

"Mzee," dereva akasema tulipofika Kamukuywa, "hiyo ni dawa ama ni bibi? Umeikumbatia tangu Kitale."

"Ni ya bibi."

"Si umwambie akuje achukue mwenyewe, apunguzie wewe kazi."

Nilimwambia amelala. Alielewa, akaomba radhi, akapunguza mwendo kwenye mashimo mpaka tukafika.

Nyumbani, anayelitunza boma ni mke wa marehemu ndugu yangu. Tunaitana mulamwa, mimi na yeye, kama kwetu wanavyoitana shemeji. Aliuangalia mti, akaniangalia mimi.

"Mulamwa, umetuletea miiba?"

"Ni mwaridi wake, ule wa nyuma ya jikoni."

"Basi karibu nao. Ila mwenyewe nilimjua kwa sukuma wiki, hakuwa mtu wa maua."

"Ulinde, mulamwa. Mbuzi na jembe visiufikie."

"Nitaulinda kama mtoto."

Na aliulinda. Aliuzungushia miiba mingine, akaumwagilia kiangazi kizima. Kila nilipompigia simu aliniambia umefika wapi: umefika gotini, umefika kifuani, sasa unamtafuta mtu wa kumshika mkono. Nikamwambia auchomekee mti mrefu wa kuegemea. Nilipokuwa nimekaa peke yangu Kitale nilikuwa naufikiria ule mti kuliko nilivyowafikiria watu, na nilimwomba Mungu anisamehe kama ni makosa.

Mwaka huo ulikuwa wa tohara, ambayo kwetu huja kila mwaka wa pili, na Agosti mmoja wa wajukuu wa boma alikuwa anatahiriwa. Wageni wa tohara hawahesabiki, na boma lazima lipokee watu likiwa safi: ua wa miti unapunguzwa, kuta zinapakwa, makaburi yanafyekwa. Nilifika siku mbili kabla. Nilitazama kutoka barabarani, sikuona kitu.

Mulamwa alikuja kunipokea akiwa na furaha. Akanipeleka mwenyewe.

"Nimemtengeneza," akasema. "Watu wanatoka mpaka Suam, siwezi kuacha wamkute na nywele zimesimama hivyo. Nilikumbuka vile alikuwa anafanya nikija kuwatembelea Kitale, ile Januari. Unakata juu ya jicho, kwa mshazari. Si ndivyo?"

Nilichuchumaa nikatazama. Kila mkato ulikuwa safi, juu kidogo ya jicho la chipukizi, umeelekea nje, kama ambavyo angeukata yeye. Mti ulikuwa wa kimo cha goti.

"Ndivyo," nikasema. "Asante, mulamwa."

Nilikwenda nyuma ya ghala nikampigia Kalasinga. "Ngoja chipukizi," akasema. "Angalia ncha. Ikienda juu bila tumba, bado iko. Ikiweka tumba mapema, imerudi."

Ngoma zilipita, wageni wakaondoka, mjukuu akawa anauguza kidonda chake. Mimi sikurudi Kitale. Nilisema nataka kupumzika. Kila asubuhi baada ya sala nilikwenda kuangalia, na chipukizi zilipotoka nilizishika moja moja nikitazama ncha.

Siku moja nilimkuta mulamwa amesimama nyuma yangu na beseni la mboga.

"Nilikosea?"

"Ulifanya kama alivyokuwa akifanya."

"Mulamwa, hilo si nililouliza."

Basi nikamweleza yote, tawi, gata, mvua ya mawe, na lile neno la kutoukata kichwa ambalo sikumpa. Aliketi ukingoni mwa saruji, beseni mapajani, akaanza kuchambua mboga zilizokuwa zimekwisha kuchambuliwa.

"Angenichapa," akasema.

"Angekucheka. Kisha angesimulia kanisani."

"Hapo ndipo pabaya," akasema, na tukacheka kidogo, kisha akafuta macho kwa leso na kwenda jikoni.

Chipukizi ya kwanza ilitoa tumba ikiwa bado fupi. Ya pili vilevile. Ya mwisho, ile ya upande wa msalaba, ilikwenda juu siku kadhaa zaidi ya wenzake, na siku hizo sikuweza kula vizuri. Kisha asubuhi moja nikakuta ncha yake imevimba, na kijani cha tumba kimeanza kupasuka.

Nilibaki mpaka ua likafunguka. Rangi ilikuwa ileile, harufu ileile. Nilimwita mulamwa akaja kulinusa, akasema ni zuri, na kweli lilikuwa zuri. Nilimshukuru Mungu kwa ua hilo na kwa mikono iliyolitunza, na shukrani yangu haikuwa ya mdomoni tu. Lakini yeye anayejua mioyo hahitaji nimfiche: nilikuwa nalitaka lile lililopanda.