Kuku wetu wa Guildford walinyonyoka, wakaliwa na utitiri, wakagoma kutaga winter nzima: tulivyopambana mpaka mayai yakarudi

Wakuu, poleni na majukumu. Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nacheka na nyuzi zenu, nalala. Leo nina la kwangu, na nalileta kifua mbele.

Hakuna chai humu ndani, yote ni kweli. Picha ninazo, ila mwenzangu wa kufuga kanikataza, anasema watu watawatupia kuku wake jicho. Kwa hiyo mtaniamini hivyo hivyo.

Mimi ni Mtanzania, mtoto wa Tabata. Naishi Sydney, upande wa Bankstown, kwenye unit ya ghorofani. Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee, aged care wanavyoita huku.

Kazini ndipo nilipokutana na Mama Furaha. Ni Mkongo wa Uvira, kanizidi umri kama dada mkubwa. Siku ya kwanza aliponisikia naongea Kiswahili kwenye simu, aliacha trolley ya chai katikati ya corridor akaja kunikumbatia. Hatukuwa hata tumejuana majina.

Yeye na mumewe wamepanga nyumba ya zamani pale Guildford, backyard kubwa. Mwenye nyumba aliruhusu kuku, ila jogoo hataki kwa sababu ya majirani. Mimi nilikuwa na hamu ya kufuga na sina hata bustani ya kuweka sufuria la mchicha. Tukaungana. Tukanunua banda la mbao na matetea sita, wale wekundu wanaoitwa ISA Brown.

Mwaka wa kwanza, acha kabisa.

Wale kuku walikuwa wanataga kama wamesaini mkataba. Winter ya kwanza wala hawakuyumba. Tulikula, tukagawa, tukakosa wa kumgawia. Jumapili Mama Furaha alikuwa anaingia kanisani na mfuko wa mayai, akina mama wanampokea mlangoni. Wakaanza kumwita Mama Mayai.

Hapa naomba mnielewe. Huyu mama amekaa kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Alipofika, godoro kapewa, sufuria kapewa, hata koti la baridi kapewa na watu wa kanisa. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye alikuwa anatoa. Nilikuwa nikimwangalia anavyogawa yale mayai, shingo imenyooka, nikawa najisikia raha mimi mwenyewe.

Sasa twende mwaka wa pili.

Joto lilipoanza kupungua, mwezi wa nne hivi, akanipigia simu.

"Dada, kuja mbio. Makuku zinavuliwa nguo!"

Nikaenda. Aisee. Backyard nzima manyoya, utadhani mtu kapasua mito ya kulalia. Mmoja shingo tupu, mwingine makalio wazi kabisa. Kuna mmoja alionekana kama kachomolewa kwenye maji ya moto katikati ya kazi. Na mayai yakaanza kupungua, kesho mawili, keshokutwa moja, kisha hakuna.

Baba Furaha, mumewe, ni mtu mpole, anafanya kazi warehouse kule Smithfield. Alisimama na kikombe chake, akawaangalia kuku, akasema, "Hizi ziko na ugonjwa. Tuzikule mbele hazijakufa."

Mimi nikasema subiri kwanza. Nikaenda duka la chakula cha mifugo, nikamwonyesha mama muuzaji video. Akacheka. Akaniambia kuku hawaumwi, wanabadilisha manyoya tu, kila mwaka autumn ikiingia, joto likielekea baridi. Mwaka wa kwanza huwa wanaruka, wa pili lazima. Chakula chote kinaenda kutengeneza manyoya, mayai yanasubiri. Wape protini, usiwashikeshike maana manyoya mapya yanauma yakiguswa.

Protini. Mama Furaha akafungua kabati lake la jikoni, akatoa ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani anaowatunza kama dhahabu. Akawatwanga, akachanganya na chakula cha kuku.

Mumewe akamwangalia. "Mimi bwana yako sijakula ndagala tangu Krismasi."

"Weye uko na manyoya ya kuotesha?"

Mzee wa watu akachukua kikombe chake akatoka nje.

Tukadhani tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza.

Wiki chache baadaye Mama Furaha akaanza kujikuna kazini. Mikono, kifua, kiunoni. Vipele vidogo vyekundu. Anajikuna akimlisha bibi, anajikuna akitandika kitanda.

Mnaofanya aged care mnajua neno moja linalowatoa watu jasho: scabies. Upele ukiingia kwenye nyumba ya wazee unasambaa kama moto. Manager akamwita pembeni, akamwambia aende nyumbani akamwone GP, asirudi mpaka apate clearance ya daktari.

Simlaumu, ndiyo utaratibu. Lakini maneno yalishafika tea room kabla yake. Alipoingia kuchukua mkoba, watu wakasogeza viti mbali naye. Akauchukua, akatoka.

Nilikuwa namaliza shift, nikamchukua kwenye gari. Hakulia mpaka tulipofunga milango. Kisha akalia kweli.

"Watasema Wakongo tuko bachafu," alirudia rudia. "Watasema tuko bachafu."

Kesho yake nikaenda naye kwa daktari. Daktari akaangalia vipele vizuri kwa taa, akasema siyo scabies. Kisha akauliza swali la ajabu: "Do you keep birds?"

Tukatazamana.

Wakuu, hapo ndipo tulipounganisha mambo. Zile siku kuku walikuwa jua likizama hawaingii bandani. Wanasimama nje, wanajikunyata juu ya banda. Sisi tukadhani ni usumbufu wa kunyonyoka. Na panga zao, ile nyama nyekundu ya kichwani, zilikuwa zimepauka kabisa.

Jioni ile tukaenda na tochi. Nikachukua tissue nyeupe, nikaipitisha chini ya mbao wanazolalia.

Ikatoka na michirizi ya damu.

Utitiri. Umejaa kwenye viungo vya mbao, mwekundu, unatembea, na pembeni kuna kitu kama majivu. Mchana unajificha kwenye nyufa, giza likiingia unatoka kunyonya kuku. Na Mama Furaha kila asubuhi alikuwa anaingiza mwili nusu mle ndani kutafuta mayai ambayo hayapo, anatoka nao kwenye nguo.

Clearance alipata, kazini akarudi. Lakini Baba Furaha alishafika mwisho.

Alituita mezani, sauti ya chini kabisa. "Mimi sina chuki na kuku. Lakini mayai hakuna, na sasa zinataka kukufukuzisha kazi. Samedi ninazichinja zote. Imeisha."

Samedi kwao ni Jumamosi. Alikuwa na hoja. Na pale ni kwake.

Mama Furaha alikuwa anafuta meza. Akaendelea kufuta pale pale.

"Siku ile ya kukimbia Uvira," akasema, "miye nilikuwa na kuku tatu ziko zinalalia mayai. Zilibakisha siku kidogo tu zitotoe. Nilifunga mlango ya kajumba kao sababu nilijua tunarudi jioni."

Akaacha kufuta.

"Nilizifungia, Papa Furaha. Nani alizifungulia?"

Nimemjua huyu mama miaka kadhaa, sikuwahi kusikia hiyo habari. Nadhani hata mumewe hakuwahi kuisikia. Alikaa, akapiga piga vidole mezani, akaangalia dirishani.

"Bon," akasema mwishowe. "Mpaka winter iishe. Lakini hiyo banda tunaiosha samedi, tena na mimi nitaosha."

Jumamosi ile siisahau. Baba Furaha alikwenda kwa jirani, mzee mmoja wa Kilebanoni, akarudi na pressure cleaner. Kuku tukawahamishia laundry, wakaharisha laundry yote. Tukatoa nyasi zote za ndani, tukazifunga kwenye mifuko myeusi. Tukalifumua banda ubao kwa ubao. Mama Furaha anachemsha maji, mimi namimina kwenye nyufa, Baba Furaha anapiga pressure mpaka rangi inabanduka.

Tukaanika juani. Tukapulizia dawa ya utitiri wa kuku. Kisha tukawashika kuku mmoja mmoja, taratibu maana walikuwa na vinyoya vichanga, tukawapaka unga wa dawa chini ya mbawa na kuzunguka mkia. Wale ndege walipiga kelele kama tunawaua.

Na hapa msikilize mnaofuga: kupulizia mara moja ni kujidanganya. Dawa inaua wanaotembea, mayai ya utitiri yanabaki. Wiki iliyofuata tulirudia. Na iliyofuata tena. Baba Furaha akatengeneza mbao mpya za kulalia zinazochomoka, ili zikaguliwe na kuoshwa kila weekend, akazipaka mafuta kwenye ncha ili utitiri usipande. Hakuna aliyemwomba. Nilimkuta amepiga magoti pale na msasa, anapiga mluzi.

Tissue ya mwisho ilitoka nyeupe. Mama Furaha aliipeperusha kama bendera.

Manyoya nayo yakaota. Kuku wakawa wapya kabisa, wekundu wanaong'aa. Sasa tukakaa kusubiri mayai.

Winter ikaingia. Kimya.

Mwezi wa sita, kimya. Wa saba unaanza, kimya.

Hili sisi wa nyumbani halituingii akilini. Kwetu mchana na usiku vinakaribiana mwaka mzima, kuku hana sababu ya kujua msimu. Huku winter saa kumi na moja jioni jua linazama. Kuku anataga kwa kufuata mwanga. Mchana ukiwa mfupi, mwili unajifunga, ila yule wa mwaka wa kwanza huwa hajali. Nilishauri tuweke taa bandani tuwarefushie siku, watu wengi wanafanya. Mama Furaha akakataa katakata. Alisema wametoka kwenye mateso, waachwe wapumzike.

Balaa likaja kwamba mwaka huo mayai yalikuwa adimu hata supermarket. Shelf tupu, karatasi imebandikwa kwamba usichukue zaidi ya pakiti kadhaa. Siku moja tulibahatisha, Mama Furaha akachukua boksi moja haraka, akalifukia kwenye trolley chini ya kabichi. Ile tunageuka, huyo hapo mama mmoja wa kanisani.

Akachungulia. Kabichi haikuficha vizuri.

"He! Mama Mayai ananunua mayai?"

Nikasema basi, leo aibu. Mama Furaha akanyoosha mgongo.

"Kuku zangu ziko mu congé," akasema. "Annual leave. Weye hauchukuaka leave?"

Akasukuma trolley. Nilicheka mpaka kwenye parking.

Sasa mwisho wake.

Mwezi wa nane ulipoanza, siku zilikuwa zimeshaanza kurefuka kidogo. Panga za kuku zikarudi kuwa nyekundu. Ukimgusa mgongoni, anachuchumaa na kupanua mbawa. Mwenye kufuga anajua hiyo ni ishara kwamba kutaga kumekaribia.

Asubuhi moja najiandaa kwenda kazini, simu ya video. Baba Furaha. Huyu mtu hajawahi kunipigia, mambo yote hupitia kwa mkewe. Nikajua kuna msiba.

Napokea, naona ile fulana ya hi-vis ya kazini, naona ukuta wa banda, naona anga. Simu inayumba.

"Shemeji! Sikia! Sikia!"

Aliisogeza simu karibu na tetea mmoja aliyekuwa juu ya banda, anatetea kwa sauti yote, ile kelele ya kuku aliyetoka kutaga na anataka Guildford nzima ijue. Nyuma yake nikasikia Mama Furaha anapiga vigelegele, na mlango wa jirani unafunguliwa.

Baba Furaha akageuza kamera. Mkononi mwake, yai. Kubwa, kahawia, ganda gumu zuri. Alichelewa shift siku ile, na hajutii.

Wiki ile wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine, wote sita. Hatukupoteza hata kuku mmoja. Jumapili Mama Furaha aliingia kanisani na mfuko, na sitawaelezea mwendo aliotembea maana maneno sina.

Nilichojifunza? Kwanza, kuku akinyonyoka msikimbilie kisu, mwongezeeni protini mumwache. Akikataa kuingia bandani, msimgombeze, chunguzeni banda. Kuku anajua kitu ambacho nyinyi hamjui. Na zaidi ya yote nimejifunza kwamba sisi watatu, tuliokulia mbali na baridi na hatujui autumn wala winter ni nini, tumeweza. Tumewavusha. Najivunia Mama Furaha, najivunia mumewe, na kwa leo ruhusuni nijivunie na mimi.

Sasa nauliza wenye uzoefu: mlioko Njombe na Makete, kuku wenu wanapunguza kutaga kwenye ile baridi kali, au kwa kuwa mwanga ni ule ule wanaendelea? Na mlioko Canada na Ulaya kwenye theluji, mnaweka taa au mnawaacha wapumzike?

Nina off mpaka Jumatano. Karibuni, nitajibu kila mtu.