Visanduku Vitatu vya Fomu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile ambayo lori liliingia kijijini kwetu, kando ya Issuna, likashusha magunia saba tu ya mahindi na kugeuza.

Asubuhi umenieleza habari za kompyuta za bit thelathini na mbili na zile za bit sitini na nne, ukadhani mzee ameambulia patupu. Nilielewa. Bit ni visanduku vya kuandikia namba. Vikiwa vichache, namba kubwa haina pa kukaa. Mimi yalinikuta kwa karatasi.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, kaya zilizokuwa mbalimbali zikawekwa pamoja, na mwaka huo mvua ikagoma. Karani nilikuwa mimi. Fomu ya kuombea chakula ilitengenezwa enzi za vitongoji vidogo, kwa hiyo idadi ya watu ilipewa visanduku vitatu. Sisi tulikuwa watu elfu moja mia moja na arobaini. Nikajaza kuanzia upande wa kulia, kama tulivyofundishwa: sifuri, nne, moja. Ile elfu ikakosa nafasi. Ningeweza kuiandika pembeni, lakini fomu iliyochafuka ilirudishwa, nami nilikuwa na maringo ya mwandiko. Nikajiambia wakubwa wanatujua.

Basi yakaja mahindi ya watu mia moja na arobaini.

Mzee Ntandu, mwenyekiti wetu, aliisoma nakala ya fomu taratibu.

"Hata kujaza mia tisa tisini na tisa kulikushinda?"

"Visanduku viliisha, mzee."

"Viliisha. Na mdomo wako nao uliisha?"

Akanikabidhi kopo nigawe mwenyewe. Niligawa. Mahindi yaliisha foleni ikiwa bado ndefu, na aliyefuata alikuwa mama yangu. Aliukung'uta ungo wake mtupu, akaondoka. Niliona aibu, na mpaka leo ninaiona.

Nilipanda baiskeli hadi ofisi ya wilaya iliyopokea fomu, nikaandika idadi yote kwa maneno kwenye karatasi isiyo na visanduku. Lori la pili lilikuja baada ya wiki mbili. Wiki hizo nyumbani tulikula mboga ya mlenda bila ugali.

Sasa unataka kuinunulia zahanati kompyuta ya bit thelathini na mbili kwa kuwa ni nafuu. Sikukatazi. Kazi ndogo itaimudu, na ile pana ya sitini na nne haitakufanya uhesabu wagonjwa kumi haraka zaidi. Ila uliza kwanza kazi hiyo itakua hadi wapi. Kisha uliza, namba ikizidi, mashine itapiga kelele au itanyamaza kama nilivyonyamaza mimi? Inayonyamaza usiichukue, hata ukipewa bure.

Mungu akujalie kazi pana, mwanangu, na siku nafasi itakapokwisha akupe ujasiri wa kuandika pembeni. Asifike mama wa mtu mbele yako na ungo, ukakosa cha kumpa.