Mchana Tuliotoka Sare Bungoma

Nilipokuwa kidato cha tatu katika shule ya wasichana kule Kitale, miaka ya elfu mbili ikiwa ndiyo imeanza, mwalimu wetu wa hesabu alitufundisha sataranji ndani ya maabara, kwa sababu meza za huko zilikuwa pana. Mchezo ukifika katikati, kete zimeshatoka nyumbani na hakuna aliyeshinda bado, alitulazimisha tukalie mikono.

"Angalia kwanza," alituambia. "Mfalme wa nani yuko hatarini? Kete gani yako haina kazi? Mwenzako anataka nini? Ukishajibu, ndiyo upange."

Muhula wa pili tulienda Bungoma kushindana na shule za huko. Tulichezea katika bwalo la chakula, bado linanuka maharagwe. Nilipangiwa msichana mrefu, mtoto wa wakulima wa miwa wa Kabuchai, sweta yake imetoboka kiwiko. Alikuwa akicheza huku akiimba chinichini wimbo wa kanisani.

Tulipofika katikati nilikuwa na hamu ya kumshambulia. Malkia wangu alikuwa amemkaribia mfalme wake, na wenzangu nyuma yangu walikuwa wakigunaguna, ati nimalize. Nikakalia mikono. Nikatazama ubao wote, pole pole, na nilichokiona sikukipenda. Mfalme wake alikuwa amezungukwa vizuri. Wangu alikuwa wazi, askari wa kumlinda nilishawasukuma mbele mapema. Farasi wangu alikuwa pembeni, hana kazi. Ngome yake ilikuwa imeshika mstari mtupu, ikingoja tu malkia wangu aende mbali.

Mimi ndiye niliyekuwa nikishindwa. Nilihisi masikio yakipata moto.

Basi niliacha kushambulia. Nilimrudisha malkia, nikamlazimisha yule msichana tubadilishane: wake atoke, wangu atoke. Nyuma yangu mtu alisonya. Bila malkia, mfalme wangu alipumua, na farasi akapata njia ya kurudi kulinda. Tulisukumana hadi watu wakaanza kupanga viti, kisha tukakubaliana sare.

Yule msichana alicheka, akanipa mkono. "Si ungekuja tu, bana! Nilikuwa nimekungojea."

"Nilikuona," nikamwambia.

"Ulionaje?"

Tulipanga kete upya nikamwonyesha, na gari la shule likapiga honi mara nyingi kabla sijaondoka. Likizo ya Desemba alikuja Kitale kwa shangazi yake, akawa anashinda kwetu. Tulicheza barazani mahindi yakiwa yameanikwa uani, tukibishana kila mara nani ana hali nzuri, na mama akituita tufukuze kuku, hakuna aliyeinuka.

Siku hizi yule msichana ni mwalimu huko Sirisia. Mimi hucheza na kompyuta, hunipa jibu la kila hali kabla sijafikiri, na hunishinda kila siku. Lakini haibishani nami. Ninachokikosa ni yeye kuinamia ubao, akisema, "Hapana, dada, hebu angalia tena."