Nguo za Kulala Mbele ya Madhabahu

Sogea karibu nikwambie, na ukicheka sitakulaumu, maana siku hizi hata mimi nacheka, ingawa siku ile kule Kabuchai nilitamani ardhi inimeze.

Mimi hushona nguo Kitale na kuziuza mtandaoni. Nilipofungua duka langu la mtandaoni niliona uvivu kuandika maelezo (si picha zinajieleza, bana?), kwa hiyo joho la kwaya nikaliandika "nguo ndefu nyeupe", na nguo ya kulala, ile nyepesi yenye lesi kifuani, nayo nikaiandika "nguo ndefu nyeupe", kisha nikaenda zangu kunywa chai.

Basi Mwalimu Wafula, mwalimu wa kwaya ya kanisa huko Kabuchai, Bungoma, akaagiza sare za waimbaji wake wote. Mwalimu haoni, simu yake humsomea kwa sauti yaliyoandikwa, na picha isiyo na maelezo haimwambii kitu. Akachagua "nguo ndefu nyeupe" ya kwanza aliyosomewa, kumbe ni ile ya kulala. Mimi nikafurahia oda kubwa, nikadhani ni ya bweni la wasichana, na aliponipigia kuniomba nizilete kanisani ziombewe kwanza, nikajiambia tu kwamba watu wa Bungoma wanaomba sana.

Jumapili nilipozipeleka, pasta akaniita mbele niinue moja waumini waione. Nikaiinua kwa mikono miwili, juu kabisa, na kupitia kitambaa kile nikamwona pasta mwenyewe akinitazama. Benchi la vijana likaangua kicheko.

Mwenyekiti wa akina mama akasimama. "Si nilisema oda itumwe na mtu mwenye macho? Sasa ati tumwimbie Mungu na za kulala."

Mwalimu akauliza taratibu kumeletwa nini. Jirani yake akamnong'oneza. Nikaona akiinamisha kichwa, na nikajua kwamba nikinyamaza hapo, hatakabidhiwa tena jambo lolote kanisani kwake. Nikashika maikrofoni.

"Mwalimu hakukosea. Ni duka langu ambalo halikumwambia anachonunua."

Baada ya ibada nilingoja anigombeze, lakini akanipa simu yake, akasema, "Dada, funga macho, halafu ununue joho dukani kwako." Nikajaribu, nikasikia picha, kitufe, picha, kitufe, na nusura nilipie kaptura ya mtoto. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha, kwa subira ambayo sikustahili, tukapitia duka zima kwa simu, jioni baada ya jioni, yeye akisikiliza, mimi nikiandika maelezo ya kila nguo. Oda ikarudiwa, majoho yakafika yakiwa majoho, na juzi mwenyekiti yule yule alimtuma Mwalimu aagize sare za akina mama. Namshukuru Mungu kwa mteja yule.

Nawe kama una duka mtandaoni, leo washa sauti inayosoma kioo cha simu yako, ufumbe macho, ununue kitu kimoja mpaka kulipa, na popote utakapokwama, andika maneno yanayokosekana.