Bakuli la Tatu la Orville

Hapa kwetu Vermont, Orville Tatro hakujulikana kwa ushujaa. Alijulikana kwa ulafi. Kila Machi mama yake, Delphine, alitoboa miti ya mepo, akachemsha utomvu wake mpaka ukawa shira, kisha akaimwaga ya moto juu ya theluji, ikaganda na kuvutika. Orville alimaliza mabakuli mawili, akatafuna tango la siki kuondoa utamu mdomoni, akaomba la tatu.

“Hilo tumbo au ghala?”

“Ghala, mama. Jaza tu.”

Akiwa na miaka kumi na tisa alikwenda vitani Korea na askari wa Marini wa Marekani. Huko, katika baridi iliyogandisha hata bunduki, bomu la mkono lilitua ndani ya handaki lao. Orville akalilalia. Wenzake wakatoka wazima.

Nishani ililetwa. Delphine aliitia kwenye droo ya vijiko, na Machi ile hakutoboa hata mti mmoja. Tulipita tukilitazama bomba la moshi la kibanda chake cha kuchemshia shira, baridi kama pua ya mbwa, tukasema basi, kibanda kimekufa na Orville.

Machi iliyofuata akashuka kwenye basi mmoja wa wale wazima, Boatwright, kijana wa Alabama mwenye koti jembamba, meno yakigongana.

“Umekuja kunipa pole?” Delphine alimuuliza mlangoni.

“Hapana, mama. Nimekuja kula. Orville aliniahidi theluji yenye shira, nami nikamwita mwongo.”

“Shira hakuna. Sitoboi tena.”

“Basi nitatoboa mimi.”

Akachukua keekee kibandani, akaendea mti mnene kuliko yote, akailenga palepale kwenye kovu la tundu la zamani. Kwetu hata mlevi hafanyi hivyo. Penye kovu mti umekufa, hautoi tone.

“Si hapo, we mjinga!” Delphine alitoka mbio na ndara zake thelujini. “Zunguka huku! Nani kakulea wewe?”

Akamnyang'anya keekee, akatoboa mwenyewe. Akahamia mti wa pili. Hakuacha mpaka ndoo za kukingia utomvu zikamwishia.

Siku chache baadaye mvuke ulipanda kibandani, nasi tukaja na matango yetu kama zamani. Boatwright alikula, kisha akanyoosha mkono kwenye tango kabla hajaambiwa.

“Nani kakufundisha?” Delphine alimuuliza.

“Orville. Alisema bila tango mtu hamalizi bakuli la pili.”

“La pili!” Delphine alicheka, machozi yakimtiririka. “Mwanangu alikuwa mtu wa la tatu. Lete bakuli hilo.”